Saumu isiyo na futari: uchambuzi wa kisa kimoja kutoka Pemba

Kuhusu maandishi haya

Kisa hiki, cha watu waliofunga wiki tatu bila kufuturu na mmoja wao akafariki, kilitokea katika shehia moja (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha) ya kaskazini mwa Pemba. Nilikishughulikia mwenyewe nikiwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Nimeondoa majina, mwaka, jina la shehia na alama zote ambazo mwenyeji angezitumia kuwajua wahusika. Niliyoyabadili hayagusi mfululizo wa mambo wala sababu zake. Familia ya marehemu na watu wazima watatu waliokuwamo wameridhia kisa chao kisimuliwe, kwa sharti kwamba wasidhihakiwe. Sharti hilo nimelishika bila taabu, maana waliokwenda kule konde walikuwa watu wa ibada waliotaka kumridhisha Mola wao.

Nawaandikia masheha, walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, maimamu, wauguzi na maafisa wenzangu.

Mazingira

Msimu wa karafuu uliotangulia haukutoa kitu. Watu walikuwa wamekopa kwa tamaa ya mavuno, na mavuno hayakuja. Katika shehia hii kulikuwa na Maalim mmoja, mtu wa makamo, aliyezaliwa jirani na hapo, akaenda bara miaka mingi, kisha akarudi. Alisomesha watoto chuoni, akaandika kombe, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji na kunywewa, akasomea wagonjwa. Alikuwa na sauti nzuri ya kusoma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba aliwatoza watu fedha.

Usiku wa kuamkia Ijumaa watu walikusanyika barazani kwake kwa dhikri. Waliokuja walikuwa na mizigo yao: mwanamke aliyeharibu mimba mara nne, kijana aliyeambiwa ana jini, mume na mke waliokuwa na deni la kuwalaza macho, mjane mwenye sukari aliyechoshwa na dawa. Walianza kufunga Jumatatu na Alhamisi. Kisha wakaongeza siku za kati ya mwezi, tarehe 13, 14 na 15. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa hizo ni sunna zinazojulikana na kila nyumba ya hapa kisiwani ina mtu anayezifunga.

Ngazi iliyofuata ilikuwa ndogo. Maalim alisema daku ni ya wanyonge, watu wakaacha daku. Baada ya wiki kadhaa akasema futari nayo ipunguzwe, iwe tende na maji. Kisha akatangaza saumu ya arubaini: siku 40 za khalwa, yaani kujitenga kwa ibada, bila chakula usiku wala mchana, ila maji ya kombe mara mbili kwa usiku. Alipoulizwa kama kunywa kombe si kufuturu, alijibu kwamba kombe ni maneno, si chakula. Mwenye kusubiri, alisema, hulishwa na Mola wake kwa njia ambayo macho hayaioni.

Juu ya yote hayo aliweka kanuni moja, na kwa maoni yangu kanuni hii ndiyo iliyokuwa kufuli ya mlango: anayevunja peke yake huwavunjia wote. Mtu akila, jini wa mwenziwe harudi alikotoka, mimba ya mwenziwe haishiki, deni la mwenziwe halilipiki. Kila mmoja akawa mlinzi wa tumbo la jirani yake.

Walihamia kwenye nyumba ya makuti ndani ya konde, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Walikuwa 17 pamoja na Maalim mwenyewe: wanawake saba, wanaume watano, na watoto watano wa miaka mitatu hadi 13. Simu zilikusanywa zikatiwa sandukuni. Watoto walipewa uji mwepesi mara moja kwa siku katika wiki mbili za mwanzo, baadaye tende na kombe tu.

Yaliyotokea

Siku ya sita, mwalimu wa skuli ya msingi aliona ndugu watatu hawaji. Mmoja wao, kabla ya kutoweka, alikuwa ameanguka mstarini asubuhi. Mwalimu alimwambia sheha.

Siku ya nane sheha alikwenda. Alikaribishwa nje, akaletewa mkeka, akaambiwa watu wamo katika khalwa na itakwisha salama. Aliombewa dua. Alirudi akamwambia mwalimu, "Wamo katika ibada wale. Mimi nani hata nimkataze mtu kufunga?" Sheha huyu ni mtu mwema na mchapakazi. Neno lile aliloondoka nalo lingetoka pia kinywani mwangu siku ile.

Siku kumi na mbili zikapita hivyo hivyo.

Usiku wa siku ya 20 mwanamke mmoja, yule mjane mwenye sukari, alitoka nje kana kwamba anakwenda chooni, akatambaa na kutembea mpaka kwa dada yake. Siku ya 21, baada ya Adhuhuri, dada mtu alikuja ofisini kwangu. Alikuwa na buibui lenye tope mpaka magotini. Alisema, "Mwanangu, nenda ukawatoe watoto. Ndugu yangu anasema yule mdogo halii tena." Nilichukua maelezo yake kwa dakika kama ishirini: njia ya kufika, idadi ya watu, nani mgonjwa, nani mkali. Nilimshukuru, akaenda zake. Sikumwuliza ndugu yake amekula nini tangu alfajiri. Nitalirudia hili.

Maamuzi, na kwa nini

Tulikaa watu watano: mimi, sheha, muuguzi wa kituo cha afya, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na shekhe mzee ambaye husomesha fikihi katika mji wa karibu na ambaye nusu ya watu wa shehia ile walipita mkononi kwake utotoni.

La kwanza lilikuwa la watoto, na halikutuchukua muda. Mtu mzima ana hiari yake, hata akiikosea. Mtoto wa miaka mitatu hana nadhiri. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inampa afisa ustawi wajibu wa kumlinda mtoto aliye hatarini, na hakuna shekhe wala daktari aliyetaka mjadala juu ya hilo. Watoto wangetoka siku ile ile, kwa heri au kwa nguvu.

La pili lilikuwa askari waende mbele au wabaki nyuma. Sote tulikuwa na Shakahola kichwani. Katika msitu ule wa Kilifi, Kenya, tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa. Mackenzie alikuwa amekamatwa mwezi mmoja tu kabla, Machi 2023, kwa sababu ya vifo vya watoto, akaachiwa kwa dhamana. Tulijifunza mambo mawili hapo: ukimgusa kiongozi kisha ukawaacha watu wake palepale, hujawaokoa, na mtu anayeamini kwamba mwisho umefika huuona uvamizi wako kuwa ndio dalili ya mwisho. Tukaamua askari wabaki barabarani pamoja na gari la wagonjwa, mahali ambapo filimbi ingewafikia.

La tatu lilikuwa saa ya kwenda, na hapa tulibishana. Muuguzi alitaka tuondoke pale pale, kila saa ni saa. Shekhe alisikiliza, kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike kisa hiki: "Tukienda mchana, nitakuwa namwomba mtu avunje saumu. Tukienda Magharibi, nitakuwa namwomba afutari."

Gari lenyewe lilikuwa limekwenda Mkoani na lisingerudi kabla ya saa kumi, kwa hiyo kuchelewa kwetu kulikuwa kwa saa mbili tu. Muuguzi alikubali shingo upande. Tungekuwa na gari mkononi, sidhani kama ningekuwa na haki ya kumkatalia.

La nne lilikuwa chakula. Muuguzi alitoa amri, hata kwa shekhe: tende moja kwa mtu mzima, vijiko vitano vya uji wa mchele usio na sukari, na vidonge vya thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya chochote. Watoto wasipewe kitu ila maji kidogo kidogo mpaka hospitali. Alisimamia jambo hilo kwa ukali ambao wakati ule niliona umezidi. Haukuzidi.

Mlangoni

Tulifika jua likiwa limegusa vilele vya minazi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni jiko. Mafiga matatu, na kati yake jivu lililopigwa na mvua mpaka likaganda kama saruji. Juu ya jivu palikuwa na nyayo za kuku, kavu, za zamani. Hakuna kuni, hakuna harufu ya moshi, hakuna sufuria iliyoinamishwa. Katika nyumba ya Pemba yenye watu 17, saa kumi na mbili za jioni, kimya cha jiko kinatisha kuliko kilio.

Ukutani alikuwa ameegemea mtoto wa kiume wa miaka kama saba. Alikuwa na tasbihi ya mti shingoni, na punje moja ya tasbihi ile mdomoni. Alikuwa akiinyonya. Punje zilizoizunguka zilikuwa zimepauka, rangi imeshazitoka kwa mate.

Maalim alitoka kutupokea. Alikuwa amekonda kuliko wote.

Shekhe alipiga hodi, akatoa salamu, akavua makubadhi, akaketi mkekani kabla ya kukaribishwa. Hakumtaja Maalim kwa ubaya. Aliuliza hali za watu kwa ukoo wao, mmoja mmoja: mwana wa fulani, wewe baba yako namjua. Kisha akauliza, "Jana mmefutari na nini?"

Hakuna aliyejibu. Maalim akasema, "Kombe, shekhe."

"Kombe ni maji."

"Ni maneno ya Mwenyezi Mungu, shekhe."

"Maneno yameandikwa kwa zafarani, yakaoshwa kwa maji, yakapita kooni. Hayo ni maji, mwanangu. Sasa niambie: jua likitua, saumu iko wapi?"

Alisoma aya ya 187 ya Suratul Baqara, pale penye amri ya kutimiza saumu mpaka usiku. Akalirudia lile neno, mpaka usiku. Akasema saumu ya mchana huisha jua linapotua, mtu atake asitake. Mtume alieleza kwamba usiku ukiingia upande huu na mchana ukaondoka upande ule, na jua likatua, mfungaji amekwisha kufuturu. "Usiku hakuna saumu ya kuvunja. Mnachokiogopa kukivunja hakipo. Kimekwisha chenyewe kila Magharibi, mara ishirini, nanyi hamkujua."

Mwanamke mmoja alianza kulia bila machozi.

Maalim alitoa hoja yake kubwa, kwamba Mtume mwenyewe aliunganisha saumu usiku na mchana. Shekhe akajibu kwamba ni kweli, na masahaba walipotaka kumwiga aliwakataza, akawaambia yeye si kama wao, yeye hulishwa na kunyweshwa na Mola wake. "Yeye ndiye aliyesema hayo juu ya nafsi yake. Katika hawa, nani umemwona amekuwa kama yeye?"

Likabaki lile kufuli: anayekula huwavunjia wenziwe, na wengi walikuwa wameweka nadhiri. Shekhe alisema nadhiri ya kumwasi Mungu haitekelezwi, na kujiangamiza ni kumwasi. Ambaye moyo wake hautulii, atoe kafara ya kulisha maskini kumi, na mchele wa kafara hiyo tayari upo msikitini kwake. Kafara ya kiapo ina daraja nyingine, ya kufunga siku tatu kwa asiyeweza kulisha. Mzee yule hakuitaja. Alihakikisha mchele upo ili pasiwe na haja ya kuitaja.

Adhana ikasikika kwa mbali. Shekhe akachukua tende, akaikata mapande mawili kwa vidole, akampa yule mwanamke pande moja na jingine akalitia mdomoni mwake. Alikula yeye kwanza. Yeye pia alikuwa amefunga siku ile. Hatukujua.

Matokeo

Watu wazima tisa walifutari jioni ile. Maalim na kijana mmoja walikataa; kijana alikubali asubuhi, baada ya mama yake kuja kukaa naye usiku kucha bila kumsemesha neno juu ya chakula. Maalim alianguka kesho yake akapelekwa hospitali, baadaye akakabidhiwa kwa polisi kwa mashitaka yanayohusu watoto. Mengine ya upande huo ni ya mahakama.

Watoto wote watano walitoka kabla ya Isha. Mdogo wao alipimwa mkono kwa utepe ukaonyesha sentimita 11.1. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali. Alinyweshwa maziwa ya F-75, ambayo ni maziwa maalumu ya kuanzia matibabu ya utapiamlo mkali, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mama yake aliruhusiwa kumshika kikombe. Siku ya tano alilia kwa sauti, wodi nzima ikafurahi.

Yule mjane aliyetoroka, aliyetuletea habari kupitia kwa dada yake, alifariki siku ya tatu baada ya kutoka konde.

Uchambuzi: kifo cha aliyejiokoa

Naanza na hili kwa sababu ndilo linaloweza kujirudia popote, hata pasipo na Maalim.

Dada yake alimpokea alfajiri, akafanya ambalo kila dada angefanya. Alimpa chai ya maziwa yenye sukari. Mchana wali wa nazi na mchuzi wa changu. Usiku tena. Siku ya pili miguu ilivimba, wakadhani ni nafuu, mwili unarudi. Siku ya tatu alishindwa kupumua akiwa amelala, moyo ukaenda mbio, akafia njiani.

Mwili uliokaa na njaa kwa wiki tatu umekwisha kubadili namna ya kuishi. Unajichoma mafuta na nyama yake, na akiba yake ya madini kama fosfeti, potasiamu na magnesi imekwisha ingawa damu bado inaonekana ina kiasi. Chakula kingi cha wanga na sukari kikiingia ghafla, insulini hupanda na madini hayo hukimbilia ndani ya seli. Damuni hubaki pungufu. Moyo hupoteza mpigo, misuli ya kupumulia hulegea, maji hujaa mwilini. Pasipo vitamini B1, ubongo nao huumia. Jambo hili lilijulikana kwa uchungu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliokombolewa walipokufa mikononi mwa waliowalisha. Mtu aliyekaa zaidi ya siku kumi bila chakula, au na chakula kidogo mno, yumo katika hatari kubwa, na huanzishiwa si zaidi ya kalori 10 kwa kilo moja ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 50 hizo ni kalori 500 kutwa nzima. Sahani moja ya wali wa nazi iliyojaa, na mchuzi wake, yaweza kuzidi hapo.

Na dripu ya glukosi peke yake, inayowekwa kwa haraka kwa sababu mgonjwa amelegea, hufanya kosa lile lile kwa njia ya mshipa. Mwenye sukari ya mwili iliyoshuka lazima apewe glukosi, lakini thiamini iende nayo.

Mimi nilikuwa na dada mtu mbele yangu kwa dakika ishirini. Nilimwona kama mleta habari. Mgonjwa wa kwanza wa kisa hiki alikuwa nyumbani kwake, ameshakunywa chai, na sikuuliza. Muuguzi aliposema juu ya tende moja na vijiko vitano, sikuunganisha na yule aliyekwisha kula. Tangu hapo swali langu la kwanza kwa yeyote anayekuja kuripoti ni kama kuna aliyekwisha kutoka, na amekula nini.

Jioni ile pia majirani walitufuata na masufuria: mihogo ya nazi, wali, samaki. Muuguzi alisimama njiani na kuyarudisha. Walimwona hana huruma.

Uchambuzi: kwa nini tulichelewa

Tulichelewa kwa sababu kufunga ni jema. Mtu anayekunywa pombe kutwa, jirani atasema. Mtu anayefunga mno, jirani humwomba dua. Heshima ya ibada ndiyo iliyoifunika hatari, na sheha hakuwa na swali la kuuliza lisilomfanya aonekane anaipinga dini. Swali lenyewe shekhe alikuwa nalo, nalo ni fupi: mmefutari nini? Kila mwenye saumu ya kweli hulijibu kwa furaha. Saumu yetu ina mipaka pande zote: alfajiri na Magharibi, daku inayosisitizwa, ruhusa ya mgonjwa, msafiri, mjamzito na anayenyonyesha, siku za Idi zilizoharamishwa. Aliyezidi kufunga katika sunna ni aliyefuata saumu ya Nabii Daudi, siku moja anafunga na siku moja anakula. Sahaba Salman alimwambia mwenziwe Abu Dardaa kwamba nafsi yake ina haki juu yake na watu wake wana haki juu yake, na Mtume akasema Salman kasema kweli. Sheha angekuwa na haya mkononi siku ya nane, angeuliza jikoni badala ya kuuliza mkekani.

Sababu ya pili inaniumiza kuisema. Habari za Shakahola zilifika kila baraza la Pemba, na tulizisikiliza kama mambo ya kanisa, mambo ya Wakenya. Tulitikisa vichwa. Hatukuona kwamba lililoua kule, yaani kiongozi mmoja asiyeulizwa, watu waliotengwa na jamaa zao, na njaa iliyopewa jina la utakaso, halina dini maalumu.

Uchambuzi: hatukumkuta tapeli

Sheha alikuja na orodha ya vitu vilivyouzwa: mkufu, ng'ombe, shamba dogo la mihogo. Tulipanga, hoja ya dini ikishindwa, tuwaonyeshe watu kwamba wameibiwa. Sanduku lilipofunguliwa, simu zote 11 zilikuwamo, na fedha zote, kila fungu limefungwa kitambaa na jina la mwenyewe. Maalim hakuwa amegusa senti. Alikuwa akifa njaa pamoja nao.

Hili liliniondolea njia rahisi ya kufikiri. Tumezoea kuwaonya watu wajihadhari na mlaghai anayetaka mali yao. Mtu akimchunguza kiongozi wake akaona hana tamaa ya mali, humwamini mara mbili. Uaminifu wa Maalim ndio uliowashika watu wale, na onyo letu la utapeli lingempa ushindi mbele yao.

Njaa yenyewe nayo ilikuwa ikimfanyia kazi. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, vijana 36 wa kujitolea, wazima wa afya, walipunguziwa chakula kwa takribani nusu kwa miezi sita. Hawakunyimwa kabisa. Walipoteza karibu robo ya uzito, wakawa na huzuni, hasira na kujitenga, na akili zao zikawa hazitoki kwenye chakula. Wale wa konde walikuwa katika njaa kali zaidi, bila usingizi, wakisoma dhikri usiku kucha. Waliona nuru na kusikia sauti. Maalim aliita kufunuliwa. Kila siku iliyopita ilimpunguzia mtu uwezo wa kupima kama aendelee. Kwa hiyo yule mtu mzima mwenye hiari, niliyemtaja juu, baada ya wiki mbili hiari yake ilikuwa imeshaliwa na njaa. Nadhani tulipaswa kulitambua hilo kabla, na kumhesabu kuwa mgonjwa tangu mapema.

Kilichosaidia

Saa ya Magharibi, nimeshaeleza. Pia mtu aliyesema. Maneno yale yale yangetoka kwangu, yangekuwa ya serikali. Yalitoka kwa aliyewafundisha alifu na be, na yaliwapa njia ya kutoka bila kuiacha ibada yao. Hakuna aliyelazimika kusema kwamba alidanganyika. Waliambiwa jua limetua, na kweli lilikuwa limetua.

Mwalimu wa skuli ndiye aliyeona kwanza, na aliona kwa kuhesabu watoto. Sasa katika skuli ile, mtoto akikosa siku tatu pamoja na ndugu zake, taarifa inakuja kwa sheha na kwangu siku hiyo hiyo.

Baadaye

Nilimtembelea dada wa marehemu siku ya arubaini. Aliniuliza kama yeye ndiye aliyemwua ndugu yake. Nilimwambia hakuna aliyemwambia asimlishe, na aliyepaswa kumwambia nilikuwa mimi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniletea maji ya kunywa.

Mama wa yule mtoto mdogo alirudi kwao. Uzito wake ulipanda polepole, mguu mmoja ukabaki na ganzi. Mwezi wa Shaabani alinijia na hofu: Ramadhani inaingia, afanye nini? Nilimpeleka kwa daktari, akasema mwaka huu asifunge. Nikampeleka kwa shekhe, akasema ni mgonjwa, atalipa akipona. Alitaka kuyasikia yote mawili, kila moja kwa mwenye nalo.

Nilipita kwake katika kumi la pili la Ramadhani, saa saba mchana. Alikuwa jikoni, mlango umerudishwa, mafiga yana moto. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amekaa kizingitini anamlindia, na kila mtu akipita alisema kwa sauti kubwa kwamba mama amelala.